Bump iliyojengwa kama bed ya maua, na gari ya Mama Ciku

Krrrrrrrr... tak!

Hiyo sauti wakuu naisikia hadi leo nikiosha vyombo. Hiyo krrr ni tumbo ya gari ikikwaruza simiti. Hiyo tak ya mwisho ni exhaust ikiachiliwa.

Habari zenu humu ndani. Mimi huwa msomaji tu. Nacheka comments zenu saa ya lunch, halafu natoka kimya kimya kama mtu amepitia kanisani kukwepa mvua.

Lakini juzi nimeona jamaa hapa analia ati kazini kwao security wameweka bumps, yale matuta ya kupunguza mwendo, na zimekula gari yake. Mkamcheka. Mkamwambia auze anunue gari ya juu.

Nikasema hapana, hii lazima niandike. Sitaweka chumvi. Pale sikumbuki vizuri nitawaambia sikumbuki.

Mimi nafanya kazi kwa shamba moja la maua, ukitoka Kiganjo ukielekea Naro Moru. Jina ya shamba naacha, bado nataka kuamka niende kazi. Niko packhouse, grading. Tunapima urefu wa rose, tunatoa majani ya chini, tunafunga. Shule niliachia Form Two, kwa hivyo Kiswahili ikiteleza mnishike mkono.

Na mimi ni mtu wa ndoto, niwaambie mapema. Gari yangu sijanunua lakini iko na jina na rangi. Ni ya rangi ya siagi. Nikiwa kwa mstari wa grading, mikono inafanya kazi ya kampuni, mimi niko zangu Nanyuki nimeshusha dirisha.

Sasa sikieni.

Gate yetu iko chini ya mteremko. Jioni shift ikitoka, watu wanashuka kama siafu, wengi wao kwa miguu. Na magari yanashuka hapo hapo, pickup za shamba, bodaboda, na magari machache ya wafanyakazi.

Kulikuwa na dada mmoja tunafanya naye grading, Kanana, mtu wa Timau. Siku moja barabara ya murram ilikuwa imelowa, pickup ya kubeba crates ikashuka, dereva akakanyaga brake, gari ikakataa kusimama. Ikampata Kanana hapo kwa gate. Mguu ukavunjika vibaya sana. Aliyembeba mikononi hadi kwa gari ya kumpeleka hospitali ni Wafula, mkubwa wa masoja wetu wa gate. Mtu wa Bungoma, mrefu, koti yake ya baridi inafika magoti.

Wafula alirudi akaenda ofisini na hiyo koti bado iko na damu. Akasimama tu hapo kwa mlango. Wakamwambia aende nyumbani apumzike. Akasema, "Mimi nangoja bumps."

Akapewa.

Lakini mnajua ofisi. Wakasema simiti iko, mchanga uko, watu wako, contractor wa nini? Kazi ikapewa vijana wa beds.

Hapa ndipo naomba mnielewe. Hawa vijana kazi yao ni moja. Wanatengeneza beds, yale matuta ya kupandia roses, ndani ya greenhouse. Wako na kamba, koleo, na fimbo ya kupimia urefu. Ukiwaambia wajenge kitu kiinuke kutoka chini, watakujengea bed. Pande zimesimama wima, juu flat, laini imenyooka mpaka unataka kupiga picha.

Na kwa vile bed haikai peke yake, walijenga mbili. Katikati wakaacha path, upana ule ule wa mtu kupita akikata maua.

Walimaliza wakajipongeza. Nyambura, rafiki yangu mwenye mdomo kuliko sisi wote, alisimama hapo akaangalia.

"Imebaki tu kuweka mabomba ya maji," akasema. "Kwani mtapanda nini hapa? Ama ni sisi mtapanda?"

Prado ya mkubwa ilipita siku ya kwanza. Iliinama kidogo kama mtu anasalimia cucu, nyanya yake, ikaenda zake. Yeye akasema kazi nzuri.

Halafu magari ya wafanyakazi yakafika.

Wakuu, sikilizeni hesabu ya bed. Gari ya kawaida ikipanda bump ya kawaida, inapanda na kushuka. Hii yetu, tairi za mbele zinaruka zinaangukia kwa ile path, halafu tumbo inakalia simiti kama kuku kwa mayai. Maina wa accounts, yule wa gari ya spoti amekata spring ikae chini na kuiwekea rim za kung'aa, aliacha exhaust hapo wiki ya kwanza. Akaamua kutembea na mbao mbili kwa boot, anaziweka mbele ya tairi zimsaidie kupanda.

Sasa wakati wa kutoka jioni, masoja lazima wafungue boot, kwa sababu watu huiba maua. Wanapata mbao.

"Hizi mbao ni za kampuni?"

"Ni zangu!"

"Zinafanana na za pallet."

"Wafula, ni wewe uliniona nikiingia nazo asubuhi!"

"Niliona mbao zikiingia. Sasa naona mbao zikitoka. Leta gate pass."

Maina alikuwa anaandikiwa gate pass, ile karatasi ya ruhusa ya kutoa kitu, ya mbao kila jioni. Siongezi chumvi, nimesema.

Haya. Hiyo ni ya kucheka. Sasa niwaambie ya Mama Ciku.

Mama Ciku ni supervisor wetu packhouse. Mwanamke mfupi, sauti ya upole, lakini ukikata shina vibaya anakuangalia tu mpaka unajirekebisha. Anaishi Kiganjo, nyuma kidogo ya kwetu. Alikuwa anatubeba kwa gari yake, mimi na Nyambura, na Kanana aliporudi kazini na fimbo ya kutembelea, akapewa kiti cha mbele kwa sababu ya mguu.

Gari ni saloon nyeupe ya zamani. Na ilikuwa chini! Ukiiona ikija unadhani inatambaa. Paka za mtaa hazikuwa zinaweza kulala chini yake.

Haikutoka kiwandani ikiwa hivyo. Ilikatwa spring na bwana yake, Baba Ciku, Mungu amlaze pema. Alikuwa fundi wa magari Karatina, mwendawazimu wa magari ya rally. Rally ikipita upande wowote wa mlima anafunga garage anaenda kukaa kwa ukingo wa barabara ale vumbi. Siku aliyokata spring za hii gari alizikatia kwao kwa compound, na hacksaw, mvua ikinyesha, Mama Ciku akimshikia mwavuli na kumtukana.

"Gari ikikaa chini ndiyo inashika barabara," akamwambia.

Halafu msimu mmoja wa baridi kifua kikamshika, na hakukaa sana.

Mama Ciku alijifunza kuendesha baada ya matanga. Na kuna kitu niliona siku ya kwanza nikiingia hiyo gari. Kiti cha dereva kiko nyuma kabisa, mahali pa mtu wa miguu mirefu. Yeye ni mfupi. Badala ya kusongeza kiti mbele, aliweka mto wa nyumbani nyuma ya mgongo, ule wa kushonwa na uzi wa maua maua. Anaendesha akiwa amebebwa na mto.

Sikuuliza. Nyambura hata, na mdomo yake yote, hakuuliza.

Kwa hivyo mnaelewa. Watu wakimwambia, "Mama Ciku si uweke spacer? Si uinue hii kitu? Hapa Kiganjo fundi ni wengi," yeye anajibu tu, "Iko sawa vile iko."

Na bumps zinaikula.

Tukawa na desturi yetu. Tukifika kwa gate asubuhi, Mama Ciku anasimamisha gari.

"Haya, wasichana."

Tunashuka ili gari iwe nyepesi. Wafula anakuja na gunia, analitandika chini, anapiga magoti na koti yake yote, anachungulia tumbo ya gari. Mtu mzima, mkubwa wa masoja, kichwa iko karibu na tairi.

"Kuja, mama. Kuja. Kata kidogo mkono wa kulia. Hapo. Pole pole, kama uji."

Krrrrrrrr...

"Pole, mama."

Krrrrrrrr... tak!

"Pole sana, mama."

Siku ya kwanza tulimwambia Kanana akae ndani, na mguu ule. Alikataa kabisa.

"Mimi ndiye nimeleta hii kitu," alisema, "halafu nikae hapo mbele kama bibi harusi?"

Akashuka. Na kila asubuhi akawa anashuka, fimbo kwanza, halafu mguu mzima, halafu ule mwingine. Gari ikikwaruza, Wafula anasema pole, na Kanana pia anasema pole, kwa sauti ya chini. Anaiambia gari. Ama Mama Ciku. Sijui.

Tulikuwa tunapanda zile beds mbili kwa miguu, tunamngoja, tunatembea mwendo wake. Ni mahali padogo sana. Lakini ndani ya gari Mama Ciku alikuwa mkubwa wetu wa kazi, kuna maneno huwezi kusema. Hapo kwa bumps tulikuwa sisi watatu tu. Ni hapo Nyambura alituambia ako na mimba na anaogopa. Ni hapo Kanana alituambia bwana yake, aliyebaki kwao Timau, hakuwa amepiga simu tangu mguu uvunjike. Alisema akiwa juu ya bed ya pili, akiangalia mlima. Mlima ulikuwa umetoka wote siku hiyo, theluji na kila kitu. Nyambura alimshika tu kiwiko akamsaidia kushuka.

Na mimi ni hapo nilisema ya gari ya rangi ya siagi. Wakacheka mpaka Wafula akauliza ni nini.

Mama Ciku akasikia pia, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi. Jumapili iliyofuata baada ya kanisa alikuja kwetu, akapiga honi, akaniambia, "Toka. Wewe si uko na gari? Utaiendesha na maombi?" Akanipeleka kwa barabara ya murram nyuma ya mashamba, akanipa usukani. Na mto. Mimi pia ni mfupi. Nikanyoosha mkono chini ya kiti nitafute ile chuma ya kusongeza, akanishika mkono.

"Wacha hapo," akasema. "Tumia mto."

Nikatumia mto.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa jioni, mvua imepiga mchana kutwa. Shift imetoka, watu wamejaa gate. Sisi tumeshuka kama kawaida. Nafikiri tope ilikuwa imeteremka ikajaa ile path ya katikati, ndiyo tairi zikateleza, sina hakika. Kile nilichosikia ni ile sauti yetu, krrrrrr, halafu sauti ingine sikuwa nimeisikia. Kama mtu amepasua sufuria kwa jiwe.

Gari ikakaa. Mama Ciku akajaribu, tairi zikazunguka bure. Chini kukaanza kutoka oil nyeusi, ikashuka kwa simiti ikaingia kwa path, ikatembea na maji ya mvua.

Wafula alilala chini kabisa, bila gunia. Akainuka polepole.

"Mama, zima. Sump ya oil imepasuka."

Watu wamesimama wote. Halafu wale vijana wa beds, wale wale walioijenga, wakaja bila kuitwa. Wakashika gari kila upande, mmoja akaanza kuimba vile huimba wakivuta mabomba, na wakainua hiyo gari na Mama Ciku ndani, wakaitoa juu ya simiti wakaiweka chini kama sanduku la mayai.

Mama Ciku ameshika usukani, anaangalia mbele. Halii. Afadhali angelia.

Aliyelia ni Kanana. Alikuwa anapiga ile simiti na fimbo.

"Ni mguu yangu imefanya hivi," akasema. "Woi, ni huu mguu."

Gari ilivutwa na trekta hadi Kiganjo. Sisi tukaenda kwa miguu mpaka barabarani, mwendo wa Kanana.

Asubuhi yake Maina akaona nafasi. Alikuwa ametaka hizo bumps zitoke tangu exhaust yake, na sasa ako na ushuhuda. Akaenda ofisini, na saa ya chai tukaitwa wote packhouse, manager wa shamba akiwa hapo mbele na gumboots zake.

Najua mtauliza, si wangechonga tu hizo pande ziinuke polepole? Mimi pia niliuliza baadaye. Manager alisema hana fundi wa kuchonga chonga, na simiti ilikuwa imeshika kama mwamba. Ama zivunjwe zote, ama zikae. Na akasema mwenyewe hajali, tumwambie sisi.

Maina aliongea vizuri, siwezi kumsingizia. Alisema gari ya mtu ni jasho yake. Akasema, "Angalieni Mama Ciku. Mjane. Gari ni ya marehemu. Ni haki hii?"

Watu wakaguna. Lakini wale wanatembea kwa miguu, na ni wengi, wakawa wanaangaliana. Wao tangu bumps ziwekwe walikuwa wanatoka kwa gate bila kugeuza shingo kuogopa gari. Sasa watasema nini mbele ya mjane?

Wafula alikuwa amesimama kwa mlango, kofia mkononi. Hakuitwa kuongea.

Kanana akainuka na fimbo.

"Wavunje," akasema. "Mguu yangu hata bumps zikae miaka mingapi, haitarudi vile ilikuwa. Wavunje tu. Mimi sitaki kusikia tena hiyo sauti."

Hapo ndipo niliona kitu kinaenda mbaya. Kwa sababu yeye akisema zivunjwe, nani atasema zikae? Nilitaka kuinuka. Moyo wangu uliinuka kabisa, lakini mimi nikabaki nimeketi.

Mama Ciku alikuwa nyuma, karibu na ndoo za maua. Akaongea kutoka hapo hapo.

"Kanana, keti chini."

Kanana akaketi.

"Hiyo gari iko chini kwa sababu kuna mtu aliipenda ikiwa chini. Si kwa sababu ingine," akasema. "Nyinyi nyote mmeniambia niinue. Mimi nimekataa kwa sababu nikiinua..."

Akaacha hapo. Akachukua rose moja kwa ndoo, akaitoa majani ya chini, vile tu mikono yake imezoea.

"Huyo mtu angekuwa hapa siku Kanana aligongwa, angeweka spring nzima mwenyewe, bumps zipate kukaa. Usiku huo huo. Halafu angenitukana vile nimechelewa. Bumps zikae. Gari nitainua."

Maina akasema, "Na sisi wengine?"

"Wewe Maina ulikata spring na pesa yako ukiwa hai na mzima. Inua, ama uendelee kubeba mbao."

Wueh! Watu walicheka mpaka wengine wakalia. Nyambura aliita kwa nguvu, "Na gate pass!" Hata Maina alicheka, mwishowe. Wafula alivaa kofia yake akatoka nje, na nilimwona kupitia plastiki ya dirisha akisimama huko peke yake, mgongo kwetu, anajipangusa uso na mkono wa koti.

Jumamosi Mama Ciku aliniita twende naye kwa fundi. Sijui kwa nini mimi. Labda kwa sababu mimi sina maneno mengi nikiwa na huzuni.

Fundi alikuwa kijana mchangamfu. Sump alikuwa amebadilisha tayari. Akainua gari na jack, akatoa tairi, akatoa spring, akaishika kwa jua.

"Ai! Nani alikata hii? Hii ni kazi ya meno? Ona, hii ya kulia ni fupi kuliko ya kushoto!"

Na ni kweli, gari ilikuwa inalala kidogo upande wa dereva tangu zamani. Sisi tulikuwa tunafikiri ni uzee.

Mama Ciku alisema, "Ni bwana yangu. Mvua ilikuwa inanyesha. Mwavuli ulikuwa unamfunika upande mmoja tu."

Kijana akaishika hiyo spring na mikono miwili akaiweka chini juu ya gazeti, na hizo zingine zote akaziweka hivyo, moja kando ya ingine. Akaweka spring nzima. Akashusha jack.

Gari ikasimama juu. Ilionekana kama mtu amenunuliwa suruali ya size ingine. Mama Ciku aliizunguka mara moja. Akauliza, "Hizo za zamani unazitaka?" Fundi akasema hapana mama. Akazifunga kwa leso, nikamsaidia kubeba, zilikuwa nzito sana. Moja najua iko kwake jikoni, inashikilia mlango usigongwe na upepo. Hizo zingine sijui aliweka wapi.

Jumatatu tukafika kwa gate.

Mama Ciku alisimamisha gari mahali petu. Mkono wa Nyambura tayari uko kwa mlango. Wafula anakuja na gunia.

"Kaeni," Mama Ciku akasema.

Tukakaa. Wafula akasimama kando na gunia lake. Gari ikapanda ya kwanza. Nilimwona Mama Ciku amekunja mabega karibu na masikio, vile mtu hufanya akingoja kofi. Tairi zikashuka kwa path. Zikapanda ya pili. Zikashuka.

Hakuna kitu.

Kimya kabisa. Mabega yake yalibaki juu tu, yanangoja. Tulikuwa tumepita kitambo na bado yako juu. Kanana aliweka mkono wake kwa bega la karibu, akalisukuma chini polepole, na likashuka.

"Sasa hiyo ndiyo nini?" Nyambura akasema huko nyuma, sauti imekauka. "Hata haijatusalimia."

Tukacheka. Mama Ciku pia. Lakini hakuna mtu alicheka sana.

Tangu siku hiyo hatushuki. Kanana mguu umepona kiasi, ameacha fimbo, bado anachechemea kukiwa na baridi. Yule bwana wa Timau hakupiga. Nyambura alipata mtoto wa kike, mnono, kelele kama mama yake. Maina aliinua gari yake lakini hataki ijulikane. Bumps ziko, pembe zimeanza kulika kidogo kidogo na matairi, vijana wa beds wakipita wanazitazama kwa uchungu kama mtu ameharibiwa kazi.

Na kiti cha dereva? Kiko nyuma vile kilikuwa. Mto uko hapo. Aliinua gari lakini kiti hakusongeza, na mimi naona hiyo ni haki yake kabisa.

Nilichojifunza, kwa akili yangu hii ya Form Two. Mtu akikataa kuinua gari, msikimbilie kumwambia ni ujinga. Muulize kwanza ni nani aliishusha. Na wewe unayelia na bumps za kazini, nakuonea huruma, naijua hiyo sauti. Lakini tembea hapo kwa miguu jioni moja watu wakitoka, halafu urudi utuambie.

Kwenu zimejengwa na nani? Na kuna mtu humu bado anashusha abiria? Niambieni, nasoma zote, hata za matusi.

Moja tu nimalizie.

Mwezi uliopita Mama Ciku alienda shule kumwona Ciku, mtoto wake. Siku hizi niko na licence, basi aliniachia funguo nipeleke gari kazini. Nyambura alikuwa leave, Kanana alikuwa ameenda kwao. Nilikuwa peke yangu, na mto nyuma ya mgongo, asubuhi na mapema, ukungu umekaa kwa gate na soja aliyenifungulia ni mgeni, hanijui.

Nikasimamisha mahali petu. Nikavuta handbrake. Nikashuka.

Nikapanda bed ya kwanza kwa miguu, nikapita path, nikapanda ya pili, mwendo wa Kanana. Nikarudi. Yule soja alikuwa ananiangalia tu.

Nikaingia, nikaendesha pole pole kama uji. Na tairi zikiwa zinashuka, gari ikiwa kimya, nikafanya na mdomo wangu mwenyewe.

Krrrrrrrr... tak.